Land Rover ya 1974 inachemsha mlimani lakini kwenye foleni iko sawa: usifungue silinda hedi kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1974, injini ya petroli ya lita 2.25. Kwenye foleni mshale wa joto unakaa katikati hata nikisimama muda mrefu. Nikishika barabara kuu kwa mwendo wa 80, au nikipanda mlima mrefu, mshale unapanda hadi kwenye nyekundu, na mara mbili rejeta imetema maji. Fundi wangu ameshabadilisha wota pampu, ametoa themostati akisema haina kazi, na ameosha rejeta kwa mpira wa maji. Nafuu sijaiona. Sasa anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, tufungue injini. Nikubali?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Usikubali bado. Fundi wako hajasema jambo lisilowezekana, maana gasketi inaweza kuleta dalili hizo hizo. Lakini ni moja tu kati ya sababu kadhaa, ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, na zilizobaki unaweza kuzipima bila kugusa boliti hata moja ya hedi. Tena kama chanzo ni kitu kingine, gasketi mpya nayo itaungua baada ya muda, nawe utarudi hapo hapo ulipo leo.

Katika maelezo yako yote, jambo la thamani kuliko mengine ni hili: gari linachemsha lini. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia lina tatizo la hewa: feni, kava la feni, au mapezi ya rejeta yaliyoziba. Lako ni kinyume chake. Likiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta, feni peke yake inatosha kulipooza. Likifika mwendo wa 80 upepo unaingia wenyewe kwa nguvu na feni haina kazi kubwa tena, ila hapo ndipo linaposhindwa. Kwa mwendo huo, bila ovadraivu (gia ya ziada inayopunguza mzunguko wa injini), injini hiyo inazunguka karibu mara 3000 kwa dakika huku ikisukuma bodi zito lenye umbo la sanduku, kwa hiyo joto linalozalishwa ni kubwa mno ukilinganisha na la kusimama. Basi ama maji hayazunguki kwa wingi wa kulibeba joto hilo, ama injini inazalisha joto kuliko inavyostahili, ama gesi ya mwako inaingia kwenye maji inapobebeshwa mzigo. Tutazifuata njia hizo tatu, tukianzia na rahisi.

Kabla ya yote, hakikisha geji inasema kweli. Kwenye Series III geji ya joto na geji ya mafuta zinapata umeme kupitia kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Kifaa hicho kikipoteza ethi, yaani muungano wake na bodi la gari unaorudisha umeme, geji zote mbili zinapata umeme kamili wa gari, na zote zinasoma juu, hasa injini inapokimbia na chaji kufika volti 14. Kwa hiyo siku mshale wa joto utakapopanda, tupa jicho kwenye geji ya mafuta. Kama nayo imepanda kuliko mafuta yaliyomo tangini, anza na ethi ya kifaa hicho. Kisha tafuta kipima joto cha kuelekeza, kile chenye mwanga mwekundu, upime kwenye mpira wa juu wa rejeta au sehemu iliyopakwa rangi nyeusi. Usipime kwenye chuma kinachong'aa, kwa sababu chuma cha namna hiyo hukifanya kifaa kisome chini ya joto la kweli.

Utasema maji yametemwa, joto litakuwa la uongo vipi? Hapo ndipo mfuniko wa rejeta unapoingia. Maji yaliyo wazi yanachemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kwenye mwinuko wa mita 1500 yanachemka kwa 95 tu. Mfuniko wenye springi unayabana, na ule ulioandikwa 9, yaani presha ya psi 9, unasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 114 usawa wa bahari. Injini inayofanya kazi kwa nyuzi 98 mlimani haina ugonjwa wowote, lakini ikiwa na mfuniko uliolegea itachemka na kutema maji kana kwamba inakufa. Angalia mpira wa ndani wa mfuniko kama umekakamaa au umepasuka, na uangalie mdomo wa rejeta kama umepinda. Ukinunua mwingine, chukua namba ile ile iliyopangiwa gari. Mfuniko wa presha kubwa zaidi hauponyi kitu. Unapeleka tu presha kwenye mipira mizee na rejeta ya hita hadi kimoja kipasuke.

Sasa themostati, ule mlango mdogo wa maji unaofunguka kwa joto. Naomba uirudishe, na uirudishe kabla ya vipimo vingine. Najua mafundi wengi huitoa kwa nia njema, wakiamini maji yakiachwa huru yatapoa zaidi. Lakini tazama injini yako: kuna mpira mfupi unaotoka kwenye nyumba ya themostati na kurudi moja kwa moja kwenye wota pampu. Hiyo ni njia ya mkato, imewekwa ili maji yazunguke ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, wakati injini ni ya baridi na themostati imefunga. Themostati nyingi za enzi hiyo zina kisahani au sketi kwa chini ambayo, mlango wa juu ukifunguka, inaiziba ile njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Maji hufuata njia nyepesi, kwa hiyo sehemu yake inarudi kwenye injini ikiwa moto vile vile, bila kupita kwenye rejeta. Kwenye foleni hutaona tofauti. Mlimani utaiona. Inawezekana kabisa kwamba ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo na sasa umeongezewa wa pili.

Kabla ya kuifunga, ipime. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse kitako cha sufuria, weka kipimajoto pembeni, washa moto. Namba iliyogongwa kwenye themostati, mara nyingi 82 au 88, ndiyo nyuzi ambazo mlango unatakiwa kuanza kuachia. Baada ya nyuzi kumi na kitu zaidi unatakiwa uwe umefunguka wote, milimita 8 hivi. Ikifunguka nusu na kuganda, itupe. Ukiifunga, kile kitundu chenye kipini kidogo kinachocheza kikae upande wa juu, hewa ipate pa kutokea. Na hakikisha uliyopewa dukani ina ile sehemu ya kuziba njia ya mkato kama iliyotoka, kwa sababu zinauzwa nyingi zinazoingia vizuri kwenye nyumba yake lakini haziizibi.

Mkanda wa feni ni wa dakika moja: ubonyeze katikati kwa kidole, ukishuka zaidi ya sentimita 1 hivi umelegea, na kama kuta zake zinang'aa kama kioo unateleza. Mkanda unaoteleza huonekana mzima kwenye sailensa, ila injini ikikimbia wota pampu inabaki nyuma. Na kwa kuwa pampu ilibadilishwa juzi, tazama kama feni ilirudishwa ikitazama upande ule ule wa awali.

Mpira wa chini wa rejeta wengi huusahau. Wota pampu inavuta maji kupitia mpira huo, na mvuto ukiwa mkubwa, mpira uliolainika unanywea na kujibana. Mingi ilikuwa na springi ndani ya kuuzuia usibonyee, na springi hiyo huoza kwa kutu bila mtu kujua. Pasha injini moto, mwombe mtu apige resi hadi 3000 na aishikilie hapo, wewe utazame mpira wa chini kwa tochi. Ukiuona unakonda, umepata jibu au sehemu ya jibu. Simama mbali na feni, na usivae kitu chochote kinachoning'inia.

Kama mpaka hapo hakuna kilichokamatwa, mshukiwa wangu mkubwa ni rejeta yenyewe, hata kama imeoshwa. Kuosha kwa mpira wa maji kunatoa matope yaliyolegea tu. Kinachoua rejeta za shaba za miaka hiyo ni ukoko wa chokaa na kutu uliogandamana ndani ya vijibomba, nao hautoki kwa maji. Mtu anaweza kumimina maji juu, akaona yanatoka chini, akaridhika, kumbe theluthi ya vijibomba imekufa. Rejeta ya namna hiyo inatosha kabisa kwa joto la sailensa na haitoshi kwa joto la mlima, dalili unazoeleza wewe hasa.

Ipime hivi. Endesha hadi joto liwe la juu, lakini kabla ya nyekundu, simama, zima injini. Kwa kipima joto chako pita usoni mwa rejeta kipande kwa kipande, juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Rejeta nzima inapungua joto taratibu kuelekea chini. Ukikuta sehemu za katikati au pembe za chini ziko baridi ghafla kuliko majirani zake, hapo maji hayapiti. Pima pia mpira wa juu na wa chini wakati injini inazunguka na themostati imefunguka. Ukikuta tofauti ya nyuzi 20 au zaidi, maji yanapita polepole mno: vijibomba vimeziba au pampu haisukumi. Tofauti ikiwa ndogo sana huku injini inaungua, rejeta haitoi joto: mapezi yameziba kwa udongo na wadudu, au ukoko wa ndani unalizuia joto lisitoke. Mapezi yasafishe kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda nje, uchafu urudi ulikotokea.

Ukiifungua rejeta, kuna kipimo kingine kizuri. Ziba tundu la chini kwa kiganja, ijaze maji, kisha achia. Maji yanatakiwa yatoke kwa kishindo, bomba zima limejaa. Yakitoka kwa unyonge, mpelekee fundi rejeta ayeyushe risasi ya tangi la juu, alitoe, na kupitisha ubapa wa chuma kwenye kila kijibomba. Kama vijibomba vimekuwa vyembamba na kuanza kuvuja, akuwekee tumbo jipya, yaani vijibomba na mapezi mapya, kati ya matangi yale yale ya zamani. Ningependelea hivyo kuliko kuitupa, maana matangi ya shaba ya asili yanakaa sawasawa kwenye fremu yake na yanatengenezeka tena na tena.

Wakati rejeta iko nje, nenda kwenye bloku. Katika magari yaliyotumia maji matupu miaka mingi, kutu na mchanga wa kiwandani hujikusanya chini ya koti la maji, hasa kuzunguka silinda ya nyuma, kwa kuwa ndiyo iliyo mbali na pampu. Ubavuni mwa bloku kuna koki ya kumwagia maji. Ifungue. Ikiwa haitoki hata tone ilhali maji yamejaa, umeshajua kilichomo ndani: chokonoa kwa waya mpaka yatoke, na utaona tope jekundu zito likishuka. Tope likiwa jingi, ng'oa vile vifuniko vya bati vya duara vilivyoko ubavuni, chokoa kwa waya, kisha sukuma maji kwa nguvu hadi yatoke meupe, na ufunge vifuniko vipya. Ni kazi chafu na ya kuchosha, na kwa injini ya umri huu sijui kazi nyingine ya kupooza inayolipa kama hiyo.

Tumemaliza upande wa maji. Upande wa joto lenyewe hupuuzwa sana, nao ni taimingi, yaani wakati cheche ya plagi inapowaka. Cheche ikichelewa, petroli inaendelea kuungua wakati pistoni imeshashuka na valvu ya eksozi inaanza kufunguka. Nguvu iliyotakiwa kusukuma pistoni inageuka joto linaloingia kwenye kuta za silinda na njia za eksozi ndani ya hedi, na maji ndiyo yanayobebeshwa. Gari linakuwa zito mlimani, unakanyaga zaidi, joto linaongezeka zaidi. Kama Land Rover yako imepoteza nguvu tangu tatizo lilipoanza, anza na sehemu hii kabla ya rejeta.

Taimingi inaweza kuchelewa pasipo mtu kuigusa. Ndani ya distributa, kigawa cheche, kuna pointi zinazokata na kuunga umeme wa cheche. Kisigino cha pointi kinachosugua kamu kinalika, nafasi ya pointi inapungua, na kadiri inavyopungua cheche inazidi kuchelewa. Kwa distributa za Lucas za wakati huo nafasi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Irekebishe kwanza, taimingi baadaye, kwa sababu ukigeuza mpangilio huo utaifanya kazi mara mbili. Kisha chukua taa ya taimingi. Kwenye sailensa linganisha alama na kitabu cha gari, halafu panda hadi 2500 au 3000 uone alama inavyosogea mbele. Isiposogea, vile vizito na springi ndogo chini ya bamba la distributa vimeganda kwa kutu. Zima injini, toa kifuniko, zungusha rota kwa vidole upande wa mzunguko wake na uiachie: inatakiwa irudi yenyewe mara moja. Ikisita, ifungue, isafishe, iwekee mafuta mepesi matone machache. Baada ya hapo nyonya kwa mdomo kile kibomba cha vakyumu kinachoingia kwenye distributa. Bamba la pointi linatakiwa lisogee, na ukiziba kwa ulimi libaki lilipo. Likirudi, utando wa ndani umepasuka. Vakyumu inasaidia zaidi unapokimbia tambarare umekanyaga kidogo, na vizito vinasaidia pale injini inapozunguka kwa kasi hata ukiwa umekanyaga hadi mwisho. Wewe unachemsha katika hali zote mbili, kwa hiyo pima vyote viwili.

Chomoa na plagi uziangalie rangi. Kahawia ya mchanga ni nzuri. Nyeupe kama majivu inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na mchanganyiko huo unachelewa kuungua na kupandisha joto vile vile. Tafuta hewa inayoingia chini ya kabureta na kwenye maungio ya manifoldi: injini ikiwa sailensa, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio, na mlio ukibadilika umepaona.

Baada ya hayo ndipo tuishitaki gasketi, kwa ushahidi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama maji. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyokuwa imebaki. Viputo visivyokoma, vinavyoongezeka ukipiga resi, ni gesi ya silinda. Dalili ya pili: mfuniko ukiwa umefungwa, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto la kujenga presha. Ya tatu: plagi moja ni safi mno kuliko wenzake, imeoshwa na mvuke. Uthibitisho wa bei nafuu ni kile kipimo cha maji ya buluu kinachokaa kwenye mdomo wa rejeta. Gesi ya mwako ikiwamo, buluu inageuka njano. Kwa kuwa ugonjwa wako unatokea injini ikiwa na mzigo, kifanye mara tu baada ya kupanda mlima, mfuniko ukishafunguka kwa usalama, na kifanye mara mbili. Utando wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe, maana unyevu wa safari fupi huuleta. Oili yote kwenye dipstiki ikiwa kama uji, hilo ni jambo jingine.

Ikithibitika, fungueni. Hedi iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa geji ya majani (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kwa urefu na kwa mishazari. Ikipinda zaidi ya milimita 0.05 ipelekeni kwa mchonga vyuma, na boliti zikazwe kwa mpangilio na nguvu ya kitabu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Msiirudishe kabla rejeta na bloku havijasafishwa, maana kuna kitu kilichoiunguza.

Ukijaza maji, egesha gari pua ikiwa juu mlimani kidogo, fungua hita hadi mwisho, mimina polepole huku ukibinya mipira kwa mkono ili hewa itoke. Acha injini izunguke mfuniko ukiwa wazi hadi themostati ifunguke na maji yashuke, jaza tena, funga. Tumia kulanti ya kijani ya aina ya zamani kwa magari yenye rejeta ya shaba, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili. Kulanti haibebi joto kuliko maji. Kazi yake kwako ni kuzuia kutu, kuinua kiwango cha kuchemka na kulinda sili ya pampu. Ni sumu yenye ladha tamu, usiiache kwenye beseni ambapo mtoto au mbwa atafika.

Hadi utakapomaliza, usilazimishe mlima. Mshale ukianza kupanda, punguza mwendo, fungua hita yote, tafuta pa kusimama mapema. Kama maji bado yamo, iache injini izunguke juu kidogo ya sailensa kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Kama yameshamwagika, zima mara moja. Mfuniko usiuguse mpaka mpira wa juu ubonyee kwa vidole, na usimimine maji ya baridi kwenye injini inayoungua, hedi itapasuka.

Anza kesho na themostati, mkanda, mfuniko na taimingi. Ukirudi barabarani na bado inapanda, niandikie joto la mpira wa juu na wa chini, ramani ya joto usoni mwa rejeta, mahali alama ya taimingi inapofika kwa resi ya 3000, na kama geji ya mafuta ilisogea. Kwa vipimo hivyo nitakuambia kama ni rejeta, bloku au hedi.